Triga moja au mbili: bunduki ya baba ilivyokaa kimya Kasoli

Wakuu, poleni na majukumu.

Nianze na jambo ambalo nimelikanusha kwa zaidi ya nusu ya umri wangu: najua kutumia bunduki.

Nimelikanusha mbele ya askari, mbele ya mume wangu, na humu jukwaani nimewahi kuandika kwamba mimi ni mtu wa vitabu, na bunduki nimeziona kwenye mabega ya walinzi wa benki tu. Nilikuwa nadanganya. Ninayoandika leo ni ya kweli, isipokuwa majina nimeyabadili, maana baadhi ya wahusika wana wajukuu ambao nina wasiwasi wamo humu.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza swali la kistaarabu kabisa. Ana ng'ombe huko Meatu, kibali kimetoka, anataka shotigani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Anauliza achukue ya triga moja au ya triga mbili.

Nikasoma majibu yenu.

Mmoja kasema triga mbili ni za enzi za babu. Mwingine kasema triga moja "iko smart". Wa tatu, ambaye nina hakika hajawahi kumiliki hata manati, kashusha aya ndefu kuhusu mwonekano.

Nikakasirika, nikaizima simu. Nikaiwasha, nikasoma tena, nikakasirika upya. Mnajibu kana kwamba mtu kauliza rangi ya viatu. Mimi najua nyumba ambako jibu la swali hilo nusura limmalize mwanamke ambaye hakuwahi kuigusa hiyo bunduki hata kwa kanga yake.

Kaeni niwaambie.

Ilikuwa Kasoli, Bariadi, miaka ya tisini, ile ya ruksa. Simiyu wakati huo ulikuwa mto tu, sisi tulihesabiwa Shinyanga.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu. Waliotutangulia walikuwa wanapangiwa kazi kabla jasho halijakauka kwenye joho. Sisi tukaambiwa sasa ni soko huria, soko ndilo litakalotupangia. Soko likanipangia kupalilia pamba ya baba. Shahada ikatundikwa ukutani karibu na picha ya kipaimara ya mama, na kuku wakaendelea kupita chini yake bila heshima yoyote.

Baba, nitamwita Mzee Masunga, alikuwa na bunduki ya siku nyingi. Mitutu miwili, triga mbili, moja mbele na nyingine nyuma yake. Ya mbele inafyatua mtutu wa kulia, ya nyuma inafyatua wa kushoto. Kila triga na mtambo wake. Moja ikifa, nyingine haina habari.

Baba aliweka risasi ya marisau madogo kulia, kwa ajili ya kanga wa porini na kwa ajili ya kelele. Kushoto aliweka ya marisau makubwa, kwa ajili ya fisi. Akikutana na kitu, hakufikiri. Kidole kilikwenda mbele au nyuma chenyewe, kama mtu anavyojua kiatu cha kulia gizani.

Alinifundisha mimi kwa sababu hakukuwa na mwingine. Kaka yangu Jilala, ndiye mkubwa, alikuwa na ng'ombe malishoni upande wa Sola kwa msimu mzima, na nguruwe pori walikuwa wanamaliza mtama wetu wa shamba la mbali. Siku moja baba akaniwekea bunduki begani bila hotuba.

Kwetu mwanamke hagusi silaha ya mwenye nyumba. Upinde, mkuki, bunduki, vyote hivyo. Akivigusa, inasemekana vinapoteza shabaha.

"Ukiulizwa, hujui," baba akaniambia.

Agizo hilo nililishika vizuri kuliko masharti yote ya chuo.

Sasa huria ikaingia kwenye pamba. Zamani mnunuzi alikuwa ushirika peke yake, na karani wa ushirika alikuwa mtu wa kuogopwa. Anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko katikati ya mzigo wako, anatoa kiganja, anakinusa. Akihisi unyevu unarudi nyumbani na pamba yako kichwani, watu wanakutazama.

Wakaja wanunuzi binafsi. Malori yanagombania kona moja ya barabara, kila mmoja anataka kujaza lake kabla ya mwenzake, hakuna anayeingiza mkono popote. Watu wakaelewa haraka. Maji kidogo usiku wa kuamkia mizani, mchanga kidogo katikati, kilo zinapanda. Kaka Jilala akawa fundi wa jambo hilo. Alikuwa ananyunyiza kwa jani la mgomba, taratibu, kama padri.

Hilo la maji likumbukeni, si kwa sababu ni fumbo. Nalisema wazi hapa hapa: baba alikuwa na desturi ya kuhifadhi risasi zake ndani ya pamba, kwenye chumba cha pamba. Wazee wengi pale walifanya hivyo. Pamba ya enzi za ushirika ilikuwa kavu kuliko kitu chochote nyumbani, haina panya, na mtoto hawezi kuzipata. Desturi ilikuwa nzuri. Kilichobadilika ni pamba, na hakuna aliyemwambia mzee.

Basi msimu huo Jilala alipata pesa nzuri, akarudi kutoka mjini amevaa miwani ya jua, na shemeji yetu Ngasa pembeni.

Shemeji Ngasa alikuwa amemuoa dada yangu. Alikuwa dereva wa kampuni mojawapo ya uwindaji iliyopewa kitalu porini, kwa hiyo alikuwa mtaalamu wa kila kitu ambacho mgeni yeyote aliwahi kukipandisha kwenye gari lake. Darubini, mahema, siasa za Ulaya, na hasa bunduki.

Wakakaa na baba nje. Mimi nilikuwa nachambua mchicha mlangoni, mahali pazuri sana pa kusikilizia.

"Baba mkwe," shemeji akaanza, "hiyo ya kwako ni ya kuweka makumbusho. Mwanza zimeingia za triga moja. Unavuta, inalia. Unavuta tena hapo hapo, ya pili inalia. Kidole hakihami."

"Kwani kidole changu kimelalamika?"

"Siyo kulalamika, baba. Ni wakati. Haya ya triga mbili ni mambo ya ujamaa. Foleni. Mara mbele, mara nyuma."

Jilala akacheka sana, cheko la mtu mwenye pesa mfukoni.

Baba akauliza, "Na nikitaka ya kushoto kwanza?"

"Kwa nini utake ya kushoto kwanza?"

"Kwa sababu huko nimeweka ya fisi."

"Unaweka za fisi zote mbili."

"Na kanga?"

"Baba, kanga utanunua kuku. Pesa ipo."

Hapo nikashindwa. Nikasema kutoka mlangoni kwamba mtu aliyezoea triga mbili miaka yote asibadilishiwe uzeeni, na kwamba mitambo miwili ni bora kuliko mmoja kwa sababu ile ile inayofanya mtu awe na figo mbili. Nilijivunia sana mfano wangu.

Shemeji akageuka taratibu. "Shem, hiyo bunduki umeivutia wapi?"

Nikamtazama baba. Baba akautazama mchicha.

"Nimesoma," nikasema.

"Aa. Umesoma." Wakacheka wote wawili.

Mngekuwa mimi mngefanya nini? Ningesema baba alinifundisha, ningemvua nguo mbele ya mkwe wake. Nikarudi kwenye mchicha. Lakini hasira ya siku ile sijaimaliza mpaka leo, na mkuu uliyeandika kwamba wanawake wasichangie nyuzi za silaha, wewe umeiongezea kuni.

Leseni ya baba ilikuwa ya bunduki moja. Kuingiza mpya ilibidi ya zamani itoke. Baba akasema, "Pamba ni ya Jilala, na aamue mwenye pamba." Ile ya zamani ikaenda Mwanza ikabaki dukani, ikaja mpya inayong'aa, mbao zake zina mistari kama ngozi ya pundamilia, triga moja. Wanaume wa kijiji walikuja kuishika. Ilipigwa mara mbili ikiwa na risasi ilizotoka nazo dukani, zikalia zote, pa-pa, watu wakapiga vigelegele. Risasi nyingine, za mpya na za zamani, baba akazihifadhi anakohifadhi siku zote.

Mvua zikaanza.

Alfajiri moja, mama akiwa anajiandaa kukamua, ndama wakaanza kulia zizini. Baba akatoka na bunduki. Zizi la ndama lilikuwa la minyaa iliyoshonana, mlango mmoja tu. Fisi alikuwa ndani, na baba akasimama mlangoni. Yaani baba alikuwa amesimama kwenye njia pekee ya fisi ya kutokea, jambo ambalo mtu halifanyi isipokuwa kama anaiamini bunduki yake.

Akavuta. Ikasema "ta". Risasi haikulia.

Akavuta tena. Haikusema kitu. Hata ile "ta" haikuwepo. Triga ililegea kidoleni kama kitu kilichokufa.

Fisi akatoka kwa kupitia kwake. Alimshika mkono wa kushoto juu ya kiwiko, akamwangusha, na kama Jilala asingefika na mkuki tungekuwa tunazungumza mengine. Fisi akakimbia. Tulimpeleka baba hospitali ya wilaya, pale karibu na Somanda, juu ya lori la mnunuzi wa pamba, akiwa amelazwa kwenye pamba yetu wenyewe. Ilikuwa bado na unyevu. Niliihisi kwa mapaja njia nzima.

Baba alipona, wakuu, mkono ukabaki umepinda. Lakini kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike.

Baba alipopata kauli, watu waliokuja kumwona walimuuliza ilikuwaje, na akawaambia ukweli wake. Ya kwanza ilisema "ta". Ya pili haikulia kabisa.

Maneno hayo yalifika Kasoli kabla yetu. Na Kasoli bunduki mpya, ya pesa nyingi, iliyolia vizuri mbele ya kijiji kizima, ikinyamaza mbele ya fisi, ina tafsiri moja. Bunduki imefungwa kwa uchawi. Na fisi yule si fisi wa porini, ni fisi wa mtu.

Swali likabaki: wa nani?

Jirani yetu alikuwa mjane, nitamwita Bibi Nyanzobe. Hakuwa na mtoto aliyebaki hai. Alipalilia pamba pamoja na mama, walikuwa wanaitana kwa majina ya usichana wao. Alipikia kinyesi cha ng'ombe kwa sababu kuni zilikuwa mbali na miguu yake, na moshi wa miaka hiyo yote ulikuwa umemfanya awe na macho mekundu.

Mnaotoka kwetu mmeshaelewa. Mnaotoka kwingine, nisiwafiche: wanawake wazee wa macho mekundu walidhaniwa wachawi, na walikuwa wanauawa. Kwa panga, nyumbani kwao, na aliyetumwa hajulikani.

Shamba lake lilipakana na letu upande wa mto, mahali penye udongo mzuri. Jilala aliwahi kumwomba amuuzie, akakataa. Sitasema zaidi. Ila Jilala alikuwa mmoja wa makamanda wa sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa kijiji, na sungusungu walikaa, na Jilala alikuwepo. Wakaamua Bibi Nyanzobe ahame kijiji kabla ya mnada unaofuata. Akipitiliza, hawatamlinda.

Sentensi hiyo ya mwisho ilitamkwa kwa upole kabisa. Ahame aende wapi, hakuna aliyeuliza.

Mimi nikaingia uwanjani na elimu yangu.

Nikawaambia wale wanaume, nikiwa nimesimama uani kwetu, kwamba hakuna uchawi, kuna unyevu. Risasi zilikaa kwenye pamba, pamba ilimwagiwa maji, na aliyemwagia yuko hapa amekaa kwenye kigoda. Jilala akatazama pembeni. Nikaona maneno yamewaingia baadhi yao, nikapata kiburi.

"Leteni bunduki," nikasema. "Haijaguswa tangu siku ile."

Ikaletwa. Nikaikunja mbele yao. Nilikunja kwa mkono mmoja, bila kufikiri, jinsi baba anavyofanya, na nikasikia wanawake nyuma yangu wakivuta pumzi. Risasi ya kulia ilikuwa na alama ya kugongwa kwenye kitako chake, imegongwa na haikulia. Nikawaonyesha. Unyevu.

Ya kushoto haikuwa na alama yoyote. Laini kabisa, haijaguswa na kitu.

"Hii nayo?" akauliza mkuu wao, mzee mpole mwenye kofia ya pamba. "Mzee Masunga alivuta mara mbili."

"Hii nayo imelowa," nikasema. "Itakuwa mbovu vile vile. Tazameni."

Kwa nini ilikuwa haina alama sikujua, na sikujiuliza. Hilo ndilo mnalopaswa kuliandika kwenye cheti changu. Nikaitoa ile ya kulia, nikaacha ya kushoto mahali pake, nikasogeza kitufe kidogo cha pembeni kilichokuwa na alama mbili, nikidhani ni cha usalama, nikaelekeza juu ya minyaa, nikavuta nikitegemea "ta".

Ikalia.

Ililia hadi mbuzi wa jirani wakavunja uzio. Teke lake likanirudisha nyuma hatua nzima. Moshi ukatanda.

Kisha yule mzee akavua kofia yake.

"Wabeja, mayu," akaniambia. Ahsante, mama. "Umetusaidia sana. Sasa tumejua risasi ilikuwa nzima."

Mnaelewa nilichofanya? Nilisimama mbele ya kijiji nikathibitisha, kwa vitendo, kwamba risasi nzima ndani ya bunduki nzima ilikataa kulia mbele ya fisi. Hakuna mganga angeweza kuwatengenezea ushahidi kama ule. Waliokuwa wanasitasita wakaacha kusitasita. Shahada ukutani, wakuu, na kuku wanapita chini yake.

Mlio ule ulileta askari. Wakauliza nani kafyatua. Mimi nikafungua mdomo, na Jilala akasema, "Mimi." Hivyo hivyo tu. Hakunitazama. Labda kwa ajili ya jina la baba, labda kwa ajili yangu, sikuwahi kumuuliza, na ndio ulikuwa mwanzo wa uongo wangu wote uliofuata. Alionywa akaachiwa, bunduki ikabaki kituoni mpaka mwenye leseni apone. Kwa hiyo mnaotaka kuniuliza kwa nini sikurudia jaribio, hiyo ndiyo sababu. Sikuwa na bunduki ya kurudia nayo.

Siku zikaisha mpaka mnada ukabaki usiku mmoja. Nilikuwa hospitali, zamu yangu ya kukaa na baba.

"Ya pili haikulia hata ta," baba akasema tena. Alikuwa analisema kila siku, kama mtu anayeulizia kitu kilichopotea. "Ile yangu ya zamani, hata ukivuta haina kitu ndani, inasema ta. Zote mbili zinasema. Hii ilinyamaza."

Nikamuuliza, "Ilinyamaza kama imevunjika?"

"Hapana. Kama inasubiri kitu."

Nilikaa na neno hilo hadi kulipokucha. Triga moja, mitutu miwili. Lazima kuwe na kitu kinachoihamisha kutoka mtutu mmoja kwenda wa pili. Ni nini? Shemeji mtaalamu nilishamuuliza, akaniambia bunduki za kisasa zinajua zenyewe.

Sasa kabla sijaendelea, nawajua. Nusu yenu mtaruka hadi mwisho kutafuta muhtasari, na nusu nyingine mtaanza kuchangia mkiwa hapa. Kwa hiyo somo naliweka hapa.

Mkuu wa Meatu, chukua triga mbili. Kama risasi zako zinakaa kijijini, kwenye mvua, kwenye vumbi, karibu na mbolea na pamba na watoto, chukua triga mbili. Kidole kitajifunza kuhama, vidole vyetu vimejifunza mengi magumu kuliko hilo. Ukishikilia triga moja, muulize muuzaji swali moja tu: ya kwanza isipolia, ya pili inahamaje? Usitoke dukani mpaka akuonyeshe. Najua zipo za siku hizi zinazohama bila kusubiri. Nazijua, msiniandikie. Lakini mmeona mwenzenu anauliza, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kuna aina mbili.

Na jingine. Bunduki ikinyamaza kuna sababu, na sababu hiyo haina jina la mtu wala haipiki kwa kinyesi cha ng'ombe. Kama huijui, sema huijui. Mimi niliona aibu kusema sijui, na nikaona ilichozaa.

Mwenye uzoefu tofauti aulete, mwenye matusi naye karibu, mimi nimelelewa na mtu aliyeutazama mchicha nilipochekwa. Shemeji Ngasa, kama umo humu kwa jina la kubuni, changia na wewe. Utatambulika.

Sasa nirudi Bariadi, kwenye simu iliyomaliza ubishi.

Asubuhi ya mnada Jilala alikuja hospitali kumletea baba uji. Nilimkamata mlangoni.

"Kwenye boksi la bunduki kuna namba ya duka la Mwanza. Ninayo. Twende ofisi ya simu."

"Leo ni mnada. Nina kazi."

"Najua kazi uliyonayo. Twende. Mwenye duka akisema bunduki inaweza kufungwa na mtu, mimi mwenyewe nitamtwisha Bibi Nyanzobe mzigo wake na kumtoa kijijini."

Nadhani alitaka kushinda, na alijua hajawahi kunishinda nikiwa nimeahidi kitu. Akaja.

Simu za wakati ule mnazikumbuka. Unaandikisha namba, unakaa kwenye benchi na watu wengine, unaitwa, na ukiongea benchi zima linasikia, maana bila kupiga kelele Mwanza hawakupati. Tuliitwa. Nikaongea mimi kwanza, nikamweleza mwenye duka kila kitu. Alikuwa mzee mwenye sauti kavu, na kwa jinsi alivyokuwa anakata maneno nilijua ana mteja mbele yake.

Nikamwambia, "Mwambie kaka yangu hayo hayo," nikampa Jilala mkonga wa simu.

Sauti ilikuwa inatoka hadi nje.

"Ya kwanza ililia?"

"Haikulia," Jilala akasema. "Ilisema ta."

"Basi ya pili haiwezi kulia. Teke la ya kwanza ndilo linalosukuma mtambo uhamie mtutu wa pili. Hakuna teke, hakuna kuhama. Utavuta mpaka kesho. Kuna kitufe pembeni, unahamisha kwa mkono. Nilimwonyesha yule dereva aliyekuja kuichukua."

"Hakutuonyesha."

"Alisema nyie watu wa porini mnazijua."

Jilala akahamisha mkonga kwenye sikio la pili.

"Kwa hiyo haikuwa imefungwa," akasema.

"Kufungwa na nini?"

"Na mtu. Kuna mtu kijijini, tunasema aliifunga."

Nilisikia mteja wake akimuuliza jambo, naye akamwambia angoje.

"Ndugu yangu," akasema, na sauti sasa ilikuwa imeshuka, tulilazimika kusogea ili tusikie. "Bunduki za namna hiyo nimeuza hapa hadi Bukoba. Zote ziko hivyo. Huyo mtu wenu bado yupo?"

"Yupo."

"Mna uhakika?"

Jilala akatazama saa iliyokuwa ukutani juu ya karani.

"Leo ni mnada," akasema. "Alipewa mpaka leo."

"Basi unaongea na mimi ya nini?"

Kaka hakuagana naye. Aliuachia mkonga ukaning'inia kwenye waya wake, akatoka, na baiskeli yake niliisikia ikigonga ngazi za ofisi kabla sijafika mlangoni. Kutoka Bariadi hadi Kasoli, kwenye tope la msimu ule, na yeye si kijana.

Aliwahi.